Njia ya Kufikia Kitanda

Mlango wa shangazi Subilaga haufunguki wote.
Unaingia kwa ubavu, tumbo umelivuta ndani.
Tukuyu inanyesha. Bati linasema,
na chini ya bati ndoo tisa zinajibu,
tano kati yake zimetoboka.

Madumu yamepandana mpaka darini.
Makopo ya maziwa ya watoto ambao sasa wana watoto,
mifuko ya mbolea iliyofuliwa, ikaanikwa, ikakunjwa,
viatu vya kushoto,
risiti za majani ya chai, mwaka kwa mwaka, zimefungwa kwa kamba ya mgomba,
na panya, ambao hawakukusanywa na mtu.
Kitanda kipo, huko nyuma.
Yeye hulala ameketi.

Mtaani wanamwita Stoo.
Mchungaji alikemea pepo.
Bwana Afya aliacha barua; nayo ipo, imehifadhiwa.
Kaka yangu Ambokile alikuja na Fuso.

La Fuso nitalisema mwenyewe, maana nilishika turubai.
Shangazi alikuwa hospitali, Makandana, kwa ajili ya presha.
Tukabeba, tukacheka, tukachoma.
Moshi wa plastiki ukapanda mweusi, Mlima Rungwe haukuonekana.
Aliporudi alisimama katikati ya chumba kilichofagiliwa,
akageuka kulia, akageuka kushoto,
kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake.
Hakulia.
Aliokota kizibo cha soda tulichokisahau,
akakitia kwenye pindo la kitenge,
akapiga fundo.
Masika mawili hayakupita, nyumba ikajaa tena,
na mimi hakunisemesha miaka sita.

Safari hii nimekuja mikono mitupu. Hata gunia sina.
Nimeketi juu ya debe, goti kwa goti naye.
Nikaokota mche wa sabuni, umekauka kama jiwe,
nikauliza tu: Huu ni wa lini?

Ndipo akanipeleka mto Kiwira.

Mwaka ule wa foleni na vibali,
walipokuwa wakipekua maduka usiku kwa tochi,
babu yangu alikuwa na duka,
na dukani katoni kumi na moja za sabuni.
"Hakuwa mlanguzi," shangazi akasema. "Alikuwa mwoga."
Akamwamsha, mtoto wa miaka tisa, amshikie taa.
Wakazitumbukiza, katoni baada ya katoni.
Kulipokucha kingo zilikuwa na povu,
watu wa bondeni wakafua bure,
"na nyumbani mama akamfulia baba yako nepi kwa majivu.
Mmoja niliuficha ndani ya gauni.
Tangu siku hiyo mimi..."
Hakumaliza. Mvua ikachukua zamu.

Sisemi mche mmoja umezaa yote haya.
Nesi Tumpe aliniambia ni ugonjwa,
kwamba aibu huulisha, na ufagio hauufikii.
"Usiguse asichokuruhusu," akasema. "Na usiwe na haraka. Una haraka?"
Nikasema sina. Nilikuwa nayo.

Siku ya kwanza tulitoa kifuniko cha dumu.
Jioni alikifuata jalalani, akakipangusa, akakirudisha.
Nikachemsha chai.
Siku ya nne vilitoka vitatu,
kila kimoja akikishika kwa mikono miwili kwanza,
akikiambia kilikotoka.
Kiatu kimoja kilichukua asubuhi nzima.
Kuna siku alinifukuza. Nikakaa barazani mpaka akatoka na kigoda.

Jumamosi tukafika kitandani.
Njia ni nyembamba, ya mtu mmoja na kikombe chake.
Kulia madumu, kushoto risiti, hayo hatujayagusa.
Sabuni iko dirishani, nayo haijadiliwi.

Usiku Ambokile akapiga simu: "Mmetoa tani ngapi?"
Nikamwambia ashushe sauti,
shangazi amelala,
kajinyoosha.